Simu Iliyoulilia Mkono

"Siweki sahihi," Kengele alisema, akalisukuma jalada likarudi upande wa pili wa meza.

Mkuu wa Kituo alilitazama jalada, akamtazama yeye, kisha akavua miwani. Mkuu akivua miwani, askari wengi hukumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine. Kengele hakukumbuka kazi yoyote. Alivuta kiti akakaa, na hakuna aliyemkaribisha.

"Inspekta, mtuhumiwa anapelekwa mahakamani mchana huu kusomewa mashtaka ya mauaji. Ghala limeungua, mlinzi amefia ndani, na ufunguo wa mtunza ghala umekutwa mlangoni. Unataka nini tena? Malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Malaika wana shughuli zao, afande. Mimi nataka majivu."

"Majivu gani?"

"Ghala lile tumeambiwa lilijaa majora ya vitambaa mpaka darini. Nimelizunguka mwenyewe kwa miguu yangu. Majivu niliyoyakuta hayajazi hata pembe moja. Aliyechoma alichoma rafu tupu. Na mtu hachomi rafu tupu ila ana sababu ya kuficha kwamba ni tupu, maana mwenye mali alikuwa njiani kuja kukagua."

"Basi mtunza ghala ndiye aliyemaliza vitambaa."

"Kwa gari lipi? Kwa idhini ya nani? Yule nyumbani kwake hata pazia hana. Funguo zilikuwa mbili, afande. Wa pili ni wa Meneja."

Mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa akilisubiri hilo. "Meneja alikuwa kwake, amelala. Kampuni ya simu imethibitisha kwamba simu yake haikutoka nyumbani jioni ile yote. Na usiniambie aliiacha. Yule ana kisukari kama wewe. Wewe mwenyewe huiachi simu yako hata ukienda msalani."

Hapo Mkuu alisema kweli, na Kengele alichukia kwamba amesema kweli. Nyuma ya mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, kiliganda kidude cheupe, kipana kama kifuniko cha chupa. Kidude hicho kilipima sukari mwilini mwake mchana kutwa na usiku kucha, kikapeleka namba kwenye simu, na namba zikienda kombo simu ilipiga mlio. Ndiyo maana pale kituoni hakuna aliyemwita kwa jina. Siku moja walikuwa wamejibanza nyuma ya ukuta kuwavizia wezi wa pikipiki, simu ikalia, wezi wakatimua mbio, na tangu siku hiyo akawa Kengele. Mkuu alimwamuru avae mikono mirefu akifiche kile kitu. Kengele alikwenda kwa fundi akapunguziwa mikono ya mashati yake yote.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Mkuu alisema.

"Guu lenyewe ni langu, afande. Gari la mahakama linaondoka baada ya chakula. Niachie mpaka hapo."

"Ukirudi mikono mitupu utaweka sahihi, na Jumatatu unahamia masjala. Huko kalize kengele zako mpaka ustaafu."

"Tutaona," Kengele alisema, akatoka bila kupiga saluti.

Alipita selo kwanza. Mtunza ghala alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kitambaa cha kichwa amekifanya mto. Alikuwa mwanamke kijana mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi, lakini kidevu chake kilikuwa juu.

"Wamesema nikikiri watanihurumia," alianza kabla hajaulizwa.

"Umekiri?"

"Nikiri nini? Nilifunga ghala, nikatundika ufunguo ofisini kwa Meneja kama siku zote, nikaenda kwangu kufua. Yule mzee mlinzi alikuwa akiniita binti yake. Nikiri kwamba nimemchoma moto?" Alijifuta pua kwa kiganja. "Na mwambie yule askari wenu aliyeniletea chai na maneno matamu asirudi. Au arudi, chai nitakunywa. Maneno abaki nayo."

Kengele aliondoka na hasira iliyomfaa. Mtu mwenye moyo kama ule akifungwa kwa kosa la mwingine, basi yeye inspekta wa nini?

Njiani simu yake ilikwisha chaji. Konstebo aliyekuwa akiendesha aliichomeka kwenye gari, wakaegesha barabarani, nje ya geti la Meneja, na Kengele akaingia ndani bila simu.

Meneja alimpokea sebuleni akiwa na fulana ya nyumbani na sura ya msiba. Alikuwa mtu nadhifu, hata huzuni yake aliivaa kama iliyopigwa pasi. Aliinua mkono kumwonyesha kiti, na pale nyuma ya mkono Kengele akaona kidude cheupe, ndugu wa kile chake.

"Kumbe na wewe ni wa chama," Meneja alisema, akimwangalia mkononi.

"Wa chama. Miaka mingi."

Wenye vidude hivi wakikutana hawakosi la kusema. Ni kama wapangaji wa mwenye nyumba mmoja mkorofi. Walilalamikia gundi inayowasha wakati wa joto, wakacheka watu wanaouliza kama ni redio. Meneja alilegea. Kengele akafungua daftari.

"Jioni ya moto ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilirudi kazini nimechoka, nikala kidogo, nikajifungia chumbani nikalala."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Pembeni ya mto."

"Wewe chumbani, simu sebuleni?"

"Inspekta, wewe unajua. Mimi na simu tunalala pamoja. Pembeni ya mto."

"Na milio? Mimi mingine huizima, inanikera."

"Thubutu. Mimi sizimi hata mmoja. Sukari ikiporomoka nikiwa usingizini, nani ataniamsha?"

"Hata jioni ile?"

"Hata jioni ile." Meneja alichukua simu yake mezani, akamfungulia. "Tazama mwenyewe. Huu hapa mstari wa sukari wa siku ile, tangu asubuhi mpaka asubuhi. Haujakatika popote."

Kengele aliutazama. Kweli mstari ulikuwa mzima. Ila jioni ile ulikuwa umepanda mlima mkali. Na jambo jingine aliliweka moyoni: yeye hakuuliza kama mstari umekatika. Aliandika maelezo, akamsomea, Meneja akaweka sahihi kwa kalamu yake mwenyewe.

"Niombe maji ya kunywa jikoni," Kengele alisema.

Jikoni alimkuta shangazi yake Meneja akisugua sufuria. Mama huyu ndiye aliyemlea Meneja tangu akiwa na meno ya utotoni, na sasa aliishi naye, akimpikia na kumhesabia sindano zake za insulini. Alimimina maji akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unayo? Pole. Basi unajua shida zake." Alimtazama mkononi kwa huruma ya jirani wa msiba. "Huyu wangu siku ile ya moto alinitia hofu mbaya. Chakula hakukigusa, kililala mezani kimefunikwa. Kajifungia. Mara simu ikaanza kulia huko chumbani."

Kengele aliweka glasi chini. "Simu ililia?"

"Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikachukua kikombe cha juisi nikaenda kugonga. Haitiki. Nikagonga mpaka mkono ukauma. Nikasema leo mtoto amenifia. Baadaye sana simu ikanyamaza kabisa, naye akaitika, akasema alilala fofofo." Shangazi alishusha sauti. "Nililia mlangoni pale, mwanangu. Usimwambie."

Kengele alimshukuru, akatoka akiwa ameishiwa hoja. Alikuja kumvua Meneja kisingizio, na badala yake amemwongezea shahidi. Simu ililia, maana yake sukari ilikwenda kombo na simu ikaisikia. Simu imeisikia sukari, maana yake mwenye sukari alikuwa pale kitandani. Mama wa watu hana hila, mahakama yoyote ingemwamini. Kengele alivuka ua akimlaani Meneja, akamlaani Mkuu, akailaani na masjala yenyewe.

Nje ya geti, Konstebo alikuwa amesimama mbali na gari, vidole masikioni.

"Afande, hii simu yako ina wazimu. Tangu uingie ndani imetulia, mara ikaanza kulia. Nimeibembeleza, nimeipigapiga mgongoni, haisikii."

Kengele alifungua mlango wa gari. Milio miwili mifupi, kimya, milio miwili mifupi. Aliufahamu mlio huo, na alipoufahamu alikaa kwenye kiti cha gari mguu mmoja ukiwa bado nje.

"Konstebo, mimi sukari yangu imeshuka?"

"Nijuaje, afande? Sura ni ile ile ya kila siku."

"Haijashuka. Haijapanda. Simu inanitafuta." Aliinua mkono wake wenye kidude. "Hiki hakina sauti ya kufika mbali. Chumba ulimo na chumba cha pili, basi. Ukikiweka mbali na simu kwa muda, simu inakikosa, inaanza kulia. Mlio wa kushuka ni mwingine, wa kupanda ni mwingine, na huu ni wa kupotezana."

Alimwonyesha kioo cha simu. Mstari wake ulikuwa na pengo, pana kama jino lililong'oka. Konstebo aliinama kutazama, na mbele ya macho yake pengo likajaa, nukta kwa nukta, mstari ukawa mzima kama haukuwahi kukatika.

"Ebo. Limekwenda wapi?"

"Kidude kinapima hata simu isipokuwepo. Kinaweka akiba. Vikirudiana, kinaimwagia simu yote iliyokosa." Kengele alilitazama geti la Meneja. "Sukari yake jioni ile ilipanda mlima, na chakula hakugusa. Woga hupandisha sukari, Konstebo, kuliko hata soda. Sasa niambie, simu iliyolazwa pembeni ya mto ilikuwa inamlilia nani?"

Konstebo alifikiri, midomo ikisogea. Kisha naye akaligeukia geti.

Kengele alirudi ndani kwa adabu zote. Mkuu, alisema, anataka maelezo yathibitishwe mbele yake, na shangazi naye aje aandikishe lake, ni dakika tu. Meneja hakuwa na kinyongo. Alivaa shati la mikono mirefu, shangazi akatia chupa ya juisi na sindano ya insulini kwenye mkoba, wakaondoka wote kwa gari moja. Njia nzima Kengele alimsimulia Meneja habari za gundi.

Kituoni kuna sheria ya zamani, imebandikwa ukutani na nzi wameichafua: anayekwenda kuhojiwa huacha simu kaunta. Konstebo alinyoosha mkono. Meneja alisita.

"Mimi ni mgonjwa. Simu hii ndiyo inayonilinda."

"Na mimi ni mgonjwa huo huo," Kengele alisema. "Nina kipimo cha kidole, nina juisi, nina glukosi. Ndani humo uko salama kuliko hospitali. Shangazi atakaa hapa hapa kaunta."

Simu ikabaki kaunta, shangazi akabaki kwenye benchi kando yake, mkoba mapajani. Kengele alimpeleka Meneja ukumbini, wakapita stoo, wakavuka ua ambako gari la mahakama lilikuwa tayari limewashwa, wakaingia chumba cha nyuma. Mkuu alikuwa humo, anajisafisha meno kwa kijiti.

"Fanya haraka," Mkuu alisema.

Kengele hakufanya haraka. Alimuuliza Meneja kitanda chake kimetazama wapi. Dirisha la chumba linafunguka kwa ndani au kwa nje. Alipolala alilalia ubavu gani. Alipoingia kazini kwa mara ya kwanza nani alimkaribisha. Meneja alijibu akitabasamu. Mkuu alitupa kijiti, akatazama saa, akakohoa.

"Inspekta, haya maswali yana mwisho?"

"Yanao, afande. Shuka lilikuwa la rangi gani?"

Hapo Meneja alimtazama Kengele, na tabasamu likaanza kupungua. Alitazama mlango. Alitazama ua, ng'ambo yake ukumbi, na mbali huko kaunta. Mkono wake wa kulia ulipanda polepole ukakishika kidude chini ya shati. Kengele alimwona na Meneja akaona kwamba ameonekana. Mkuu peke yake ndiye hakujua kilichokuwa kikipita mezani.

"Naomba simu yangu," Meneja alisema.

"Shuka, Meneja."

"Naona kizunguzungu. Sukari inashuka. Naomba simu."

"Mkuu, umemsikia," Kengele alisema, na tayari alikuwa amefungua kipimo. Alimchoma kidole, tone likaingia kwenye karatasi, namba ikatoka. Alimgeuzia Mkuu aisome.

"Sijui kusoma haya mambo," Mkuu alisema.

"Msomee wewe, Meneja. Wewe ni wa chama."

Meneja hakusoma. Sukari yake ilikuwa juu, na ilikuwa njiani kwenda juu zaidi.

"Inspekta, mpe mtu simu yake," Mkuu alisema. "Akifa humu ndani nani atajibu?"

"Nitajibu mimi. Hafi, afande. Namba hii hata mimi nimewahi kwenda nayo kazini. Akitaka daktari namwita sasa hivi. Akitaka sindano yake, iko kwenye mkoba wa shangazi. Simu haishushi sukari wala haiipandishi. Meneja, unataka daktari au unataka simu?"

"Ni amri, Inspekta."

"Naikataa, afande. Niandikie barua."

Mkuu alisimama. Alikuwa amefungua kinywa, na Mungu ndiye anayejua kingetoka nini, lakini uani kulisikika miguu inakimbia kwa tabu na Konstebo akisema mama subiri, mama subiri. Shangazi aliingia chumbani akihema, juisi mkono mmoja, simu mkono mwingine, na simu ilikuwa ikilia. Milio miwili mifupi, kimya, milio miwili mifupi.

"Kunywa, baba, kunywa upesi," alimwambia Meneja. "Inalia kama siku ile. Ile ile ya siku ya moto, nikawaambia hawa waniache nipite."

Simu ililia mara moja zaidi, kisha, ilipokuwa imekaribia mkono wa mwenyewe, ikanyamaza.

"Shangazi," Kengele alisema taratibu, "una uhakika ni mlio huo? Sio wa kushuka?"

"Wa kushuka ni mrefu, hauna pumzi. Nimeamka nao mara ngapi? Huu niliusikia siku ile tu. Ndiyo maana niliogopa, nilidhani ni wa kufa."

"Ni mlio wa simu iliyompoteza mtu wake. Sasa hivi simu ilikuwa kaunta na yeye yuko huku nyuma, ndiyo ikalia. Siku ile simu ilikuwa chumbani, pembeni ya mto. Amesema hivyo, ametia sahihi." Aliichukua simu mkononi mwa shangazi, akaiweka mbele ya Mkuu. "Tazama hapa, afande. Usipepese. Hilo pengo linajaa. Hivi ndivyo mstari wake wa jioni ile ulivyopata kuwa mzima."

Mkuu alivaa miwani. Alitazama mpaka pengo likajaa lote.

"Milio yote ni sawa," Meneja alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Shangazi ni mtu mzima, masikio yamechoka. Shangazi, waambie hukumbuki vizuri."

Shangazi alikuwa bado ameshika chupa ya juisi. Alimtazama kijana aliyemwogesha, aliyemfunza kufunga viatu, na Kengele akaona maarifa yakimwingia yule mama moja baada ya jingine: mlango uliofungwa, dirisha la chumba, chakula kilichofunikwa. Kengele alimwonea uchungu. Lakini hakuyaondoa macho kwake, kwa kuwa pale uani palikuwa na gari linalounguruma na mtu asiye na hatia aliyekuwa akisubiriwa apandishwe.

"Sema hukumbuki," Meneja alisema tena.

"Nilipiga magoti mlangoni kwako," shangazi alisema. "Nikamwomba Mungu anichukue mimi, akuache wewe. Nikalilia mlango wa chumba kisicho na mtu."

"Shangazi."

"Nakumbuka. Mkononi hapa pangali panauma nilipogonga. Mwandike, mwanangu," alimwambia Kengele. "Andika kwamba nakumbuka. Yule mlinzi naye alilelewa na mtu."

Aliweka juisi mezani mbele ya Meneja, akaifungua kifuniko, maana hata sasa asingeacha kumhudumia, kisha akatoka nje akishika ukuta. Meneja aliitazama chupa. Konstebo aliziba mlango kwa mwili wake, na Kengele akatoa pingu.

Mkuu alikwenda uani mwenyewe kumwambia dereva azime gari. Aliporudi aliepuka macho ya Kengele, akashughulika na jalada, akazipanga upya karatasi ambazo hazikuwa zimevurugika.

"Yule binti umtoe," alisema mwishowe. "Mpitishe mlango wa nyuma. Mbele kuna watu, sitaki maswali."

Kengele alifungua selo. Mtunza ghala alisimama, akajifunga kitambaa chake kichwani kwa makini, akanyoosha gauni lililokunjamana. Kengele alimweleza yote kwa maneno machache, na mwishoni akamweleza pia habari ya mlango wa nyuma, kwa kuwa aliagizwa kumweleza.

"Nilipoletwa nilipitishwa wapi?" mtunza ghala aliuliza.

"Mbele."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Watu wamejaa."

"Basi nitoke huko huko, wanione ninavyoondoka." Aliangalia ukumbini, akaona kaunta, akaona watu kwenye mabenchi wakigeuza shingo. "Na wewe, afande, tembea na mimi. Usinishike."

Kengele alisimama upande wake wa kulia, mikono mifupi ya shati, kidude nje. Mkuu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, akitaka kusema kitu, nao wakampita.